Treni Isiyo na Dereva na Haki ya Abiria Maskini

Hotuba kwa viongozi wa walei na wanajumuiya, Same



Nimeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana liko mbali nasi, yaani treni za mijini zinazojiendesha zenyewe bila dereva. Yawezekana yupo anayejiuliza: sisi tunaoteremka kutoka Mamba Miamba, Suji au Chome kwa gari lililosheheni magunia, tunahusika nini na treni ya namna hiyo? Nitajaribu kuonyesha kwamba tunahusika, na kwamba jambo lenyewe si geni kwa wazee wetu kama tunavyodhani.

Neno langu la leo ni moja. Mashine hutenda yale tu yaliyoamuliwa kabla. Kwa hiyo haki ya abiria haina budi kuamuliwa kabla, na wale wanaohusika wawepo wakati wa kuamua.

1. Treni hizi ni kitu gani?

Katika treni ya kawaida dereva hutazama taa za njiani, hupunguza mwendo, husimama na kuondoka kwa uamuzi wake. Katika treni inayojiendesha, kompyuta iliyomo ndani ya treni huwasiliana wakati wote na kituo kikuu cha uongozaji. Kila treni hutoa taarifa iko wapi na inakwenda kwa kasi gani, nacho kituo huielekeza iendelee mpaka wapi. Ndiyo maana treni hizo zaweza kufuatana kwa karibu sana, kila baada ya dakika mbili au pungufu ya hapo, bila kugongana. Katika vituo vingi umejengwa ukuta wa vioo kati ya abiria na reli. Milango ya ukuta huo hufunguka pale tu treni inapokuwa imesimama sawasawa mbele yake.

Wataalamu huzigawa treni kwa ngazi. Katika ngazi ya kwanza dereva huendesha mwenyewe, na mashine humzuia tu asipite kasi au taa ya hatari. Katika ngazi ya pili treni hukimbia na kusimama yenyewe, lakini dereva yumo akiangalia milango na usalama. Katika ngazi ya tatu hakuna dereva, ila yumo mhudumu. Katika ngazi ya nne hakuna mfanyakazi yeyote anayehitajika ndani ya treni.

Mambo haya si mapya. Mji wa Kobe nchini Japani ulianza kutumia treni ya namna hiyo mwaka 1981, na Lille nchini Ufaransa mwaka 1983. Mwaka 1987 zilianza treni za Docklands mjini London, ambazo hujiendesha lakini daima yumo mhudumu. Karibu zaidi nasi, Dubai ilifungua treni zake zisizo na dereva tarehe 9 Septemba 2009, Doha ikafuata mwaka 2019, na Riyadh mwezi Desemba 2024. Wapo kaka na dada zetu wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi katika miji hiyo ya Ghuba, nao huzipanda treni hizo.

Kwetu treni za abiria huendeshwa na madereva. Hata hivyo mabadiliko ni ya haraka. Mwezi Oktoba 2012 treni za abiria za ndani ya jiji zilianza Dar es Salaam. Mwezi Mei 2016 yakafuata mabasi yaendayo haraka, yenye vituo vyake na njia zake. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na tarehe 25 Julai mwaka huo huo ikafika Dodoma, ikiwa na uwezo wa kwenda kilomita 160 kwa saa. Tiketi hununuliwa kwa simu, na husomwa na mashine. Kwa hiyo, ingawa dereva bado yupo, sehemu ya kazi za konda na karani imekwisha kukabidhiwa mashine.

2. Reli na watu wa Same

Wilaya yetu inaifahamu reli tangu zamani. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi mwaka 1911. Ilipita tambarare, chini ya milima ambako ndiko waliishi watu wengi. Wazee wetu hawakuulizwa ipite wapi wala isimame wapi. Lakini uamuzi ule wa mahali pa kusimama treni umeendelea kugawa maisha yetu kwa zaidi ya miaka mia moja. Mji ukakua kando ya reli na barabara, nasi wa milimani tukajifunza kuteremka kufuata huduma.

Baadaye treni ya abiria ilikoma katika njia hii kwa zaidi ya miaka 20. Ilirejea mwezi Desemba 2019 kati ya Dar es Salaam na Moshi, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Tena upo mpango wa Serikali wa kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma. Ninawaomba mlitafakari jambo hili kwa makini. Siku hiyo ikifika, maamuzi juu ya vituo, nauli, vivuko vya watu na mifugo, na namna ya kukata tiketi, yatafanywa miaka mingi kabla ya treni ya kwanza kupita. Anayesubiri aione treni ndipo aseme, atakuwa amechelewa.

3. Konda na geti

Tulinganishe mambo mawili tunayoyajua. Katika basi dogo linaloteremka asubuhi kwenda Same, konda humfahamu mama mzee. Humpokea mzigo, humngoja dakika tano, na pengine humkubalia alipe akishauza ndizi zake. Huo ni wema, na tusiudharau. Lakini konda huyo huyo, siku nyingine, humfungia mlango mwanafunzi kwa sababu nauli yake ni ndogo. Huongeza nauli siku ya gulio au siku za sikukuu. Huwajaza watu kupita kiasi, na akikutana na mkaguzi hujua namna ya kupita.

Geti la mashine haliongezi nauli siku ya Krismasi kwa tamaa yake lenyewe. Halipokei rushwa. Halimbagui mwanafunzi, iwapo limeelekezwa kumtambua. Katika hayo ni afadhali. Lakini geti halimngoji mama mzee. Mtu asiye na simu, au asiyeweza kusoma maandishi ya kwenye kioo, au aliyepungukiwa shilingi mia mbili, hana wa kumweleza. Treni isiyo na dereva hufunga milango kwa sekunde zilizopangwa, awe anapanda kijana mwenye mkoba mwepesi au mgonjwa anayeshikwa mkono.

Je, mashine ina dhambi? Hapana. Haikuchagua sekunde hizo. Alizichagua mtu aliyekaa mezani. Kama mtu huyo aliwaza vijana tu, mlango utakuwa wa vijana tu. Zamani dhuluma ya usafiri tuliiona usoni: tuliweza kubishana na konda, tukamshitaki kwa mwenye gari. Dhuluma iliyoandikwa ndani ya mashine haina uso. Mhudumu aliyepo atakuambia kwamba mfumo haukubali, naye atakuwa anasema kweli. Kwa sababu hiyo ni lazima tujue mfumo huo uliandikwa na nani, lini, na kwa kumsikiliza nani.

4. Mifano miwili kutoka ng'ambo

Mfano wa kwanza ni mji wa Paris. Njia ya 14 ya treni za chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1998 ikiwa haina dereva tangu mwanzo. Waliopanga waliamua kwamba vituo vyake viwe na lifti, hata mtu mwenye kiti cha magurudumu aweze kufika kwenye treni. Njia ya 1 ya mji huo huo ilifunguliwa mwaka 1900. Ilibadilishwa baadaye ijiendeshe yenyewe, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 2012. Hata hivyo vituo vyake vingi havina lifti. Mji ni ule ule na treni zote mbili zinajiendesha. Katika moja mlemavu anapita, katika nyingine anazuiwa na ngazi. Tofauti ilitokana na uamuzi wa watu.

Mfano wa pili ni Dubai. Treni zake zina sehemu ya akina mama na watoto, na pia sehemu ya daraja la dhahabu ambayo nauli yake ni mara mbili ya kawaida. Kompyuta haikubuni ugawaji huo. Wakuu wa mji ndio walioamua nani akae wapi na kwa bei gani, kisha mashine ikaambiwa isimamie. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba mfumo wa kisasa hauna upendeleo, tujibu kwa adabu kwamba hauna upendeleo wake wenyewe, bali hubeba upendeleo wa walioutengeneza.

5. Wazee wetu walilijua jambo hili

Nilisema jambo hili si geni. Kumbukeni ndiva, yale mabwawa ya maji ya wazee wetu wa Upare. Usiku maji ya mfereji hukusanywa ndani ya ndiva; mchana hufunguliwa yakateremka mashambani. Maji yakishafunguliwa hayaulizi shamba hili ni la nani. Hufuata mfereji, mfereji hufuata mteremko. Wazee walijua kwamba haki ya maji haiwezi kungoja mpaka maji yawe njiani. Walikaa kwanza, wakapanga zamu: nani wa leo, nani wa kesho, wa juu apate kiasi gani ili wa chini asikauke. Aliyetaka zamu alitakiwa afike kwenye msaragambo wa kuzibua mfereji. Ugomvi ulipotokea ulikuwa juu ya zamu na juu ya walioipanga. Hakuna aliyeyashitaki maji.

Treni inayojiendesha ni kama maji yaliyokwisha kufunguliwa. Hutiririka katika mfereji uliochimbwa na wengine. Wajibu wetu ni kuwapo siku ya kupanga zamu.

Kumbukeni pia mbiru. Utawala wa Waingereza ulileta kodi ambayo kiasi chake kwa kila mtu kilikadiriwa kwa kupima mali yake. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka milimani mpaka hapa Same, penye ofisi ya wilaya, wakakaa siku nyingi wakipinga. Akina mama nao wakaingia katika harakati hizo. Watu wale hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kipimo kilichopangwa bila wao, ambacho hawakukielewa na ambacho walikiona si cha haki. Hatimaye serikali ya kikoloni ikaiacha kodi ile. Nauli inayokokotolewa na kompyuta nayo ni kipimo. Wajukuu wa watu wa mbiru hawana sababu ya kuona haya kuuliza kimepatikanaje.

6. Kazi ya mwanadamu

Lipo swali la kazi. Vijana wetu wengi walioko Dar es Salaam na Arusha huishi kwa kuendesha, kuwa makonda, kupiga debe au kubeba mizigo vituoni. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem Exercens juu ya kazi, alifundisha kwamba teknolojia ni msaidizi wa mwanadamu, lakini yaweza pia kugeuka kuwa kama adui yake inapomwondoa kazini au kumfanya mtumwa wa mashine. Alifundisha pia kwamba mtu anayefanya kazi hutangulia mtaji.

Mafundisho haya yanatekelezeka. Paris ilipoiondolea Njia ya 1 madereva, jambo hilo lilijadiliwa na wafanyakazi, na madereva walihamishiwa njia nyingine na kazi nyingine badala ya kufukuzwa. Palipo na nia na mazungumzo, mashine huja bila kumtupa mtu nje.

Tusidhani pia kwamba mashine haimhitaji mtu. Addis Ababa ilifungua treni zake za umeme za mjini mwezi Septemba 2015, njia mbili na treni 41. Watu walizifurahia kwa kuwa nauli ilikuwa nafuu. Lakini baada ya miaka michache treni nyingi zilisimama kwa kukosa vipuri na fedha za matengenezo. Treni hizo zilikuwa na madereva, na bado zilikwama. Treni isiyo na dereva huhitaji mafundi wengi zaidi wa umeme, mawasiliano na kompyuta. Taifa linalonunua mashine bila kuwasomesha vijana wake kuitengeneza, limenunua deni. Kwa hiyo mzazi wa Gonja au Usangi anayedai walimu wa hisabati na fizikia katika sekondari ya kata yake, anadai haki ya mwanawe katika reli ya kesho.

7. Tufanye nini?

Ndugu zangu, Tume ya Haki na Amani haipo kwa ajili ya kulalamika. Napendekeza mambo manne.

La kwanza, tuhudhurie mikutano. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukutana walau kila miezi mitatu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 huitaka miradi mikubwa kama reli ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi washirikishwe. Wataalamu wakija kijijini na karatasi zao, wasimkute mwenyekiti peke yake. Akina mama wawepo, kwani wao ndio wabebaji wa mizigo na wagonjwa.

La pili, tujue haki ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeweka msingi kwamba anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Tuhifadhi hati na kumbukumbu za mashamba yetu sasa, kabla ya mpimaji kuweka mambo.

La tatu, tutoe maoni juu ya nauli. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, hukusanya maoni ya wadau inapopanga nauli, na lipo baraza la watumiaji wa huduma hizo. Tudai kila panapowekwa mashine ya tiketi pawepo pia mtu wa kuwasaidia wazee na wasiosoma, na fedha taslimu ipokelewe. Tudai nauli ya mwanafunzi iandikwe ndani ya mfumo wenyewe. Tudai njia ya kupita walemavu ijengwe tangu msingi, kwa kuwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yawatambulia haki ya kufika mahali pa huduma za umma.

La nne, tuiangalie njia ya kutoka mlimani. Treni ya haraka inayosimama tambarare humfaa kidogo mkulima wa tangawizi ambaye barabara yake hukatika wakati wa masika. Mama mjamzito anayeteremshwa kwa bodaboda gizani hapimi maendeleo kwa kasi ya kilomita 160. Huyapima kwa saa alizochukua kufika hospitali. Tukizungumzia reli, tuzungumzie pia kipande kile cha kwanza cha safari, kutoka mlangoni kwa maskini hadi kituoni. Pasipo kipande hicho reli ni ya wengine.

Ndugu wapendwa, sipingi treni hizi. Zinapunguza ajali, zinaokoa muda, na zile za umeme hazitoi moshi mjini. Natamani watoto wetu wazipande, na wengine wao wazitengeneze. Ninachoomba ni kwamba siku milango ile itakapojifungua yenyewe, imfungukie pia bibi wa Chome mwenye kikapu chake. Hilo halitatokea kwa bahati. Litatokea ikiwa mtu mmoja, katika kikao fulani, alisimama akamtaja. Viongozi wangu, mtu huyo na atoke miongoni mwenu.



Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Katika eneo letu, ni nani anayeshindwa kusafiri, na ni kitu gani kinachomzuia: nauli, barabara, umbali, ulemavu au kutojua kusoma?
2. Ni huduma zipi ambazo tayari zinapatikana kwa simu au mashine tu? Ni nani aliyeachwa nyuma, na jumuiya imemsaidiaje?
3. Desturi ya kupanga zamu za maji katika ndiva yatufundisha nini juu ya kushiriki katika maamuzi ya umma?
4. Mara ya mwisho wanajumuiya wangapi walihudhuria mkutano mkuu wa kijiji au mtaa? Tufanye nini ili idadi hiyo iongezeke?
5. Iwapo reli mpya itapita wilayani kwetu, ni mambo gani matatu ambayo tungetaka yaandikwe kabla ya ujenzi kuanza?